Anna Nyanjige wa Kasoli, Mama Aliyeketi na Wakimbizi

Alizaliwa Lalago, wilayani Maswa, mwezi Juni mwaka 1953, pamba ikiwa bado shambani. Baba yake, Magese, alikuwa mfugaji. Mama yake, Kija, alifinyanga vyungu na kuvipeleka mnadani akiwa amevibeba kichwani. Nyumba ile haikuwa ya Kikristo, na mtoto alipewa jina la ukoo tu, Nyanjige. Mdogo wake, Justina, ambaye yu hai hadi leo na ndiye aliyenisimulia habari hizi za utotoni, anasema kwamba dada yake alikuwa na kasoro moja iliyowachosha wazazi: akitumwa maji, alirudi saa nyingi baadaye na ndoo tupu, kwa sababu njiani alikutana na mtu anayesuka kamba, au anayechuna ngozi, au anayerina asali, akasimama kumtazama. Hakutazama tu. Aliuliza. Kwa nini unaanzia huku? Ukiikaza zaidi itakuwaje? Alipigwa kwa ajili ya ndoo hizo tupu, akalia, na kesho yake akafanya vile vile. Ninaandika jambo hili dogo kwa kuwa nimelitafakari sana. Wengi tunapowaza juu ya watu wa Mungu tunatafuta utotoni mwao dalili za sala ndefu na utulivu. Katika utoto wa mama huyu sikupata utulivu wowote. Nilipata maswali.

Mwaka 1967 katekista mmoja aitwaye Anatoli alianza kufika Lalago kwa baiskeli, akawa anafundisha dini karibu na ghala la pamba. Nyanjige alijiunga na wanafunzi wake bila kumwomba baba ruhusa. Justina anakumbuka siku dada yake alipomuuliza mwalimu mbele ya wote: ikiwa Mungu anajua yote, kwa nini anataka tumweleze shida zetu katika sala? Anatoli akajibu, "Sijui vizuri, binti. Labda anapenda kutusikia tukisema wenyewe." Jibu hilo lilimwingia. Alibatizwa mwaka uliofuata kwa jina la Anna, na baba yake, ambaye kwanza alikasirika, alitoa mbuzi kwa ajili ya sherehe.

Aliolewa mwaka 1972 na Shigela, mkulima wa pamba wa hapo hapo Lalago. Walipata watoto watatu, mmoja akafariki akiwa mchanga. Shigela alifariki mwaka 1988, na Anna akaendelea kulima na kukausha viazi, kazi aliyoipenda kuliko zote. Watu wa kwetu wanajua michembe, yaani viazi vitamu vinavyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Anna alikuwa hodari wa vyote viwili. Lakini alipika kwa samadi kavu na miti ya pamba, kama wanawake wote wa huko, katika jiko lililojaa moshi, na alipokaribia miaka arobaini macho yake yalikuwa mekundu. Wenyeji wa Usukuma hawahitaji kuelezwa macho mekundu yalimaanisha nini miaka ile kwa mwanamke mjane. Mwaka 1993 ndama wa jirani walikufa mfululizo. Minong'ono ya uchawi ikaanza. Jumapili moja asubuhi, wakati Anna anajiandaa kwenda kanisani, shemeji yake alikuja mbio, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma, "ondoka leo hii. Wamekwisha kukubaliana."

"Akina nani?" Anna aliuliza.

"Usiniulize. Ondoka."

Aliondoka na watoto wake wawili, kisu cha kukatia viazi na nguo walizovaa. Walitembea siku tatu, wakafika Kasoli, wilaya ya Bariadi, ambako hakumjua mtu. Baadaye maishani, watu waliposema mbele yake kwamba wakimbizi ni watu wa nchi nyingine, alikuwa akisahihisha kwa upole: "Hata mimi nilikimbia. Sikuvuka mpaka, lakini nilikimbia."

Huko Kasoli alipokelewa na mjane aitwaye Milembe, Mprotestanti, aliyempa kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Siku mbili za kwanza Milembe aliwaletea ugali, na Anna aliula akiwa ameinamisha kichwa. Siku ya tatu Milembe alikuja mikono mitupu, akaketi chini, akauliza, "Unajua kufanya nini?" Anna alisema hajui chochote. Milembe hakuondoka. Mwishowe Anna akasema, kama mtu anayeungama kosa, kwamba anajua kukata michembe. "Basi nifundishe," alisema Milembe, "maana yangu inaota ukungu kila mwaka." Wakaingia shambani kwa Milembe wakachimba viazi, na mgeni akawa anamwelekeza mwenyeji. Mama Anna alisimulia tukio hili mara nyingi, na kila mara alisema maneno yale yale: "Ugali wake ulinishibisha. Lakini siku aliyoniomba nimfundishe, nilisimama." Mimi naamini kwamba wito wake ulianzia hapo, ingawa miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla haujaonekana. Katika miaka hiyo alilima, alisomesha watoto, aliongoza jumuiya yake ndogo ya Kikristo, na alimzika Milembe kwa mikono yake.

Mwaka 2016 familia chache za Warundi zilifika Bariadi na vitongoji vyake. Walikuwa wamekimbia kwao mwaka uliotangulia, wakapitia kambini Kigoma. Walikuwa na vibali: wengine kwa ajili ya matibabu, wengine kwa kuwa walikuwa na ndugu walioishi huku tangu zamani na kupata uraia. Parokia ilikusanya nguo, sabuni na mahindi. Wanajumuiya waligawa, wakapiga picha, wakarudi makwao. Anna alibaki. Mwenyekiti wa kamati alimuuliza anangoja nini. Alijibu, "Hatujawauliza kitu."

Wa kwanza alikuwa Spesioza Nahimana, mjane wa miaka thelathini, mwenye mtoto mmoja wa kike wa miaka sita, Kevine. Mume wake aliuawa mtoto akiona, na tangu siku hiyo Kevine hakusema neno. Spesioza naye alisema machache sana. Anna alimwendea akamsalimu, "Mwangaluka," akaketi, akauliza swali lile alilowahi kuulizwa yeye: unajua kufanya nini? Spesioza aligeuka upande. Anna akakaa kidogo, akaaga. Wiki iliyofuata akarudi. Alirudi wiki nane mfululizo, wakati mwingine akipepeta mpunga wake hapo hapo, wakati mwingine akiwa hana kazi yoyote mkononi. Spesioza ameniambia kwamba alimchukia. "Nilidhani ananichunguza. Nikamwambia mtoto tuingie ndani. Lakini tukichungulia tunamwona bado yupo, anatazama kuku." Wiki ya tisa Spesioza alitoka na kumwambia, kwa hasira, "Nasuka! Nilikuwa nasuka vikapu. Sasa umejua. Nyasi zetu ziko Burundi, hapa kuna nini?"

"Sijui," alisema Anna, naye akafurahi sana kwa kutokujua. "Twende tukatafute."

Walitafuta mwezi mzima, bibi wa Kisukuma na mjane wa Kirundi na mtoto asiyesema. Walijaribu majani ya mbugani, yakakatika. Walifika mpaka Mwamanyili, Busega, wakarudi na mzigo wa matete yaliyokauka na kupasuka. Mwishowe Spesioza alisimama mbele ya mkonge uliopandwa kuwa uzio wa shamba la mtu, akakata jani moja, akalipondaponda kwa jiwe, akavuta nyuzi, akazivuta tena. Vikapu alivyosuka mwanzoni havikupata mnunuzi. Ndipo Anna, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wake na vidole vyake vimejaa majeraha, alipomuuliza kama anaweza kusuka kitu kipana, chenye matundu ya kupitisha upepo, cha kuanikia michembe. Tangu zamani tuliianika juu ya miamba, na mbuzi na mchanga vikachukua sehemu yao. Ungo ule mpana ulipowekwa juu ya kichanja, michembe ilikauka upesi, ikatoka myeupe na safi. Msimu mmoja baadaye wanawake wa Kasoli walikuwa wanapanga foleni kwa Spesioza. Anna hakumwacha. Alikwenda naye sokoni Bariadi, akamfundisha maneno ya Kisukuma ya kupatana bei, akakaa naye alipoandika barua ya kuongeza muda wa kibali, akamgombeza alipouza kazi nzuri kwa bei ya huruma.

Katika msimu huo lilitokea jambo ambalo wengi wanalihesabu kuwa la kwanza kati ya maajabu yake. Anna alikuwa akisuka vibaya, Kevine akimtazama. Ghafla mtoto akamshika mkono, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Kwa nini unaanzia huko?" Spesioza aliangusha nyuzi zote. Nimezungumza na daktari, akaniambia kwamba watoto wa namna hiyo huweza kurudiwa na sauti wakipata utulivu. Nakubali. Lakini nimejiuliza mara nyingi kwa nini neno lake la kwanza lilikuwa swali, na kwa nini lilikuwa karibu swali lile lile ambalo Justina anasema dada yake aliwauliza wasuka kamba wa Lalago.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2018 kwa njia ya Joakim Ndayizeye. Alikuwa mwanamume Mrundi wa miaka thelathini na mitano, mwenye nguvu, asiyetazama watu usoni. Anna alipomuuliza anajua kufanya nini, alijibu upesi kwamba anajua kulima kwa maksai. Anna akamkabidhi plau na maksai wake wawili, akaenda kukaa kitandani na homa. Siku ya nne maksai mmoja alirudi peke yake na nira iliyovunjika. Wa pili hakuonekana, wala Joakim. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba nyama iliuzwa kijiji cha pili.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Aliyesema kwa ukali kuliko wote ni Sylvester, jirani yake Anna, mtu mwenye kuheshimika na mwenye mifugo mingi. "Tulinyamaza kwa ajili ya huyu mama," alisema. "Leo ni ng'ombe wake, kesho ni wa nani? Waondoke wote. Yule anayesuka naye aende." Wengi walipiga makofi. Spesioza alikuwa amesimama nyuma, amemkumbatia Kevine, na ameniambia kwamba wakati huo alikuwa tayari anawaza vitu gani vya kubeba. Anna alinyanyuka, bado mdhaifu kwa homa.

"Ng'ombe ni wangu," alisema. "Nyinyi mnajua alichofanya. Mimi bado sijui kwa nini. Nipeni siku nne nikamuulize. Nikirudi bila jibu, mtaamua."

Mtu akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Akampa siku nne.

Alikuwa amesikia kwamba Joakim ameonekana Lamadi, kando ya ziwa. Akapanda basi, akatembea mwaloni, wanakoshushia samaki, akiuliza kila kundi la waanika dagaa, mpaka akamwona amebeba kreti begani. Joakim alipomwona alisimama pale pale, akangoja matusi.

"Mwanangu," alisema Anna, "nilikosea wapi?"

Joakim ameniambia kwamba alikuwa amejiandaa kwa polisi, kwa laana, hata kwa msamaha. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Akaweka kreti chini. "Hukukosea, mama. Uliniuliza najua nini, nikakudanganya. Sijawahi kushika plau maishani mwangu. Nilimfunga maksai vibaya, akatumbukia korongoni akavunjika mguu. Niliogopa. Nikamuuzia mchinjaji, nikakimbia."

"Kwa nini ulisema unajua?"

"Kila mtu huku analima. Niliona nikisema silimi, hamtanitaka."

"Na kwenu ulikuwa unafanya nini?"

Aliketi juu ya kreti. "Vigae," alisema mwishowe. "Vya kuezekea nyumba. Mimi na kaka zangu wawili tulikuwa na tanuri. Waliwakuta pale, wakawaulia pale pale. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji."

Anna aliinama akaanza kugeuza dagaa pamoja naye juani, mpaka kazi ya siku ile ikaisha. Ndipo aliposema, "Sitakuomba uchome vigae. Nataka turudi, uwaeleze watu habari za ng'ombe kwa mdomo wako. Nitasimama karibu nawe." Walirudi Kasoli siku ya tatu. Joakim alisimama mbele ya mkutano akaeleza yote, isipokuwa habari za kaka zake, na Anna alisimama karibu naye kama alivyoahidi. Sylvester alisema maneno magumu. Lakini mzee mmoja alimuuliza Joakim alimfunga vipi maksai yule, na alipoonyesha kwa mikono, watu wakaguna kwa mshangao, kisha wakacheka, hata Sylvester, kwa sababu hakuna mtu wa Kasoli aliyewahi kuona nira ikifungwa hivyo. Mkutano ukafungwa bila kumfukuza mtu.

Ilichukua mwaka mwingine Joakim kugusa udongo. Anna alimwambia tu kwamba mama yake alikuwa mfinyanzi, na kwamba yeye kwa aibu yake hakuwahi kujifunza. Akachimba udongo wa mtoni, akaanza kufinyanga chungu mbele ya nyumba ya Joakim, na kila chungu kilipasuka. Siku moja Joakim hakuweza kuvumilia. "Mama, unaweka mchanga kidogo mno," alisema, akaketi. Hakurudi kwenye vigae. Alitengeneza majiko ya udongo yenye mdomo mdogo na njia ya kutolea moshi, yanayotumia kuni chache. Evalina, mke wa Sylvester, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu, alikuja kulitazama jiko la kwanza, akalizunguka mara mbili, akaomba lake. Sylvester mwenyewe ndiye aliyelibeba hadi nyumbani. Siku hiyo Anna aliingia kanisani peke yake akakaa saa nzima. Alipotoka alisema tu, "Wabeja," yaani asante, na hakueleza alikuwa akimwambia nani.

Aliendelea hivyo, mtu mmoja mmoja, kamwe si kundi. Shirika moja lilipomwomba afundishe wakimbizi hamsini katika semina ya siku tatu, alikataa kwa adabu. "Sijui watu hamsini," alisema. "Namjua mmoja, na huyo bado sijamaliza kumjua." Waliopita mikononi mwake kwa miaka mitano hawazidi kumi na mmoja, Warundi na Wakongo, na si wote walifanikiwa. Mmoja alirudi kambini. Mmoja, kijana aliyempenda sana, aliangukia ulevi na hakuinuka. Anna alimtembelea mpaka mwisho, na alikiri kwa padre wake kwamba hapo ndipo alipomkasirikia Mungu. Sifichi jambo hili, kwa sababu yeye hakulificha.

Mwaka 2021 kifua kilimshika. Katika hospitali ya Bariadi, wauguzi wanakumbuka kwamba alimuuliza mmoja wao, akiwa anahangaika kupumua, alijifunzaje kuupata mshipa kwa mara ya kwanza. Tarehe 9 Septemba padre alimpaka mafuta matakatifu. Spesioza, Joakim na watoto wawili wa Anna walikuwepo. Alifungua macho akasema, "Padre, huko ninakokwenda kuna kazi?"

"Sijui, mama," alijibu padre, ambaye ni mtu mkweli.

"Basi nitauliza," alisema Anna, akatabasamu, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Alifariki mchana huo, na akazikwa Kasoli, mahali alipofika zamani kama mkimbizi. Jeneza lilibebwa kwa zamu na Wasukuma na Warundi.

Msimu uliofuata mvua zilichelewa na njaa ikaingia. Anna alikuwa ameacha kihenge kimoja cha michembe, na alikuwa ameagiza kisifungwe kwa mwenye njaa. Spesioza alikisimamia. Nyumba nyingi zilichota humo tangu Novemba hadi Machi, na wapo waliokula kiapo mbele yangu kwamba hakikupungua. Nilifanya uchunguzi wangu. Niligundua kwamba baadhi ya waliochota walirudi kwa siri, walipopata kidogo, wakaongeza. Sylvester ni mmoja wao, na alinisihi nisimtaje; nimemtaja kwa kibali chake alichokitoa baadaye akicheka. Wengine walikata tamaa ya muujiza waliposikia haya. Mimi sikukata. Bado hesabu za walioongeza na waliochota hazikutani, na hata kama zingekutana, ningetaka kujua ni nani aliyewafundisha watu wenye njaa kurudisha chakula. Kuhusu utakatifu wake, Kanisa lina njia zake na subira yake. Wanakijiji humwita mtakatifu, nami nawanukuu kwa upendo, bila kutangulia hukumu ya wakubwa wetu.

Leo nyungo za mkonge zinaonekana juu ya vichanja kuanzia Kasoli hadi Lalago. Joakim ameoa, na anawafundisha mabinti wawili wa hapo hapo kijijini kazi ya majiko. Anayetaka kumheshimu Anna Nyanjige asiishie kuweka maua kaburini. Na amtafute mtu mmoja aliyepoteza vyote, aketi naye, amuulize anajua nini, kisha awe tayari kufundishwa.

Mwezi uliopita nilimfuata Spesioza hadi Mwamanyili, kwa mama mmoja Mkongo aliyefika mwanzoni mwa mwaka. Tulimkuta ameketi kizingitini, mgongo umeelekea njia. Spesioza alisalimu, akaketi chini, akauliza swali lake. Mama yule hakugeuka. Tulikaa muda mrefu, jua likiwaka, kisha tukaaga. Njiani nilimuuliza ni mara ya ngapi. Alisema ni ya kumi na mbili.

"Na asipojibu kabisa?" nilisema.

Spesioza alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu kigeni sana. "Leo alisogea kidogo, akaniachia kivuli," alisema. "Hukuona?"